Namba 603,550 na Baki Lisilotupwa

Somo la familia. Tusome: Kutoka 38:25-28, Hesabu sura ya 1 hadi ya 3, Hesabu sura ya 26

Somo la safari hii linahitaji Biblia, kalamu na karatasi. Asiye na karatasi achukue kijiti na kuandika chini, maana jibu la hesabu halibadiliki kwa kuandikwa mavumbini. Watoto wa darasa la nne na kuendelea wakae karibu na wazazi, kwa sababu sehemu kubwa ya somo hili wao wanaiweza kuliko sisi.

Kitabu cha nne cha Musa kwa lugha yetu kinaitwa Hesabu, jina lilelile la somo la shuleni. Wengi wetu tukifika pale tunaruka. Tunaona majina na namba, majina na namba, tunakimbilia habari za nyoka wa shaba na punda wa Balaamu. Leo hatutaruka. Tutachukua namba moja tu, 603,550, iliyo katika Hesabu 1:46. Tutaijumlisha, tutaigawanya, tutaipima kwa fedha, tuone kama inasimama. Isomwe hivi: mia sita na tatu elfu, mia tano na hamsini. Waliozoea laki watasema laki sita, elfu tatu, mia tano na hamsini.

WATU WA MAHEMANI

Waisraeli walikuwa wametoka Misri lakini hawajafika Kanaani. Walikaa katika jangwa la Sinai, mahemani. Siku ya kwanza ya mwezi wa pili, mwaka wa pili tangu watoke, Musa aliagizwa awahesabu. Hakuambiwa akadirie kwa kutazama moshi wa mahema. Aliambiwa aende ukoo kwa ukoo, nyumba kwa nyumba, jina kwa jina, kila mwanamume wa miaka 20 na zaidi awezaye kwenda vitani.

Sisi tuliopanga mstari siku ya kuandikishwa tunaielewa kazi hiyo: kusimama, kutaja jina la baba, kutaja wa nyumbani, kumngoja karani aandike. Katika sura hii nayo jina linatangulia, namba inafuata.

TUIJUMLISHE WENYEWE

Hesabu sura ya 2 inazipanga kabila 12 katika kambi nne kuizunguka hema ya kukutania. Andikeni hivi:

Mashariki: Yuda 74,600, Isakari 54,400, Zabuloni 57,400. Jumla 186,400.
Kusini: Reubeni 46,500, Simeoni 59,300, Gadi 45,650. Jumla 151,450.
Magharibi: Efraimu 40,500, Manase 32,200, Benyamini 35,400. Jumla 108,100.
Kaskazini: Dani 62,700, Asheri 41,500, Naftali 53,400. Jumla 157,600.

Sasa jumlisheni zile jumla nne. Mtapata 603,550 kamili. Msikubali kwa sababu gazeti limesema. Mtoto mmoja ajumlishe kutoka juu kwenda chini, mwingine kutoka chini kwenda juu. Wakikutana, imesimama.

Mwenye jicho ataona jambo. Kabila 11 zinaishia na mia kamili. Gadi peke yake ana 50 mwishoni. Huenda watu walihesabiwa kwa vikundi, maana tangu Kutoka 18 walikuwa na wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi. Lakini Gadi hakuongezewa 50 ili afanane na wenzake, wala hakupunguziwa. Ile 50 iliyo mwishoni mwa 603,550 ni ya Gadi. Tukiifuta hiyo, namba inakuwa 603,500, inapendeza zaidi kidogo, na wanaume 50 wa Gadi hawapo.

Jambo la pili ni kwa wakubwa. Neno la Kiebrania la elfu ni "elef", ndugu wa neno letu "elfu" lililotufikia kwa njia ya Kiarabu. Neno hilo mahali pengine katika Biblia lina maana ya ukoo au kikosi, kama katika Mika 5:2. Kwa hiyo wako wasomi wanaosema kwamba namba hizi zilikuwa za vikosi, si za maelfu, na hivyo watu walikuwa wachache zaidi. Tujaribu kwa kalamu. Tukijumlisha maelfu ya kabila zote peke yake tunapata 598. Tukijumlisha mamia na makumi peke yake tunapata 5,550. Kama "elef" lingehesabiwa kama kikosi tu, jumla ingeandikwa vikosi 598 na watu 5,550. Lakini jumla iliyoandikwa ni 603 na 550. Maana yake aliyeijumlisha alibeba 5 kutoka kwenye mamia akaziongeza kwenye maelfu, kama mwalimu anavyofundisha ubaoni. Yeye alisoma elfu kuwa elfu. Mjadala wa wasomi unaendelea, ila hilo moja kalamu yetu imeliona.

TUIGAWANYE

Namba huitambui mpaka uigawanye. Tuanze.

Kwa 2: inaishia na 0, basi inagawanyika. Ni namba shufwa.
Kwa 5: inaishia na 0, inagawanyika.
Kwa 3: jumlisha tarakimu zake, 6+0+3+5+5+0, ni 19. Kwa kuwa 19 haigawanyiki kwa 3, namba nzima nayo haigawanyiki.
Kwa 4: tazama tarakimu mbili za mwisho, 50. Haigawanyiki kwa 4, basi namba nzima haigawanyiki.

Kinachogawanyika kwa 12 lazima kigawanyike kwa 3 na kwa 4. Namba yetu imeshindwa kote kuwili. Gawanyeni 603,550 kwa 12 mtapata 50,295 na baki 10. Kabila ni 12, lakini namba yao haigawanyiki kwa 12! Mlinganishe na namba nyingine ya Biblia, 144,000 ya Ufunuo 7. Ile ni 12 mara 12 mara 1,000, na kila kabila linapata 12,000 sawasawa, bila baki. Namba ya Sinai haiko hivyo. Yuda ni 74,600, Manase ni 32,200, yaani Yuda anazidi mara mbili ya Manase. Watu halisi wakihesabiwa huja hivyo. Nyumba hii ina tisa, nyumba ile ina wawili.

Tuendelee kuvunja. 603,550 gawanya kwa 2 ni 301,775. Gawanya kwa 5 ni 60,355. Gawanya tena kwa 5 ni 12,071. Hapa tunakwama. Je, 12,071 inavunjika?

Namba isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe inaitwa namba tasa. Ili kujua kama 12,071 ni tasa, hatuhitaji kuijaribu kwa namba zote. Tunaijaribu kwa namba tasa ndogo tu, kutoka 2 hadi 109. Kwa nini tunaishia hapo? Kwa sababu 110 mara 110 ni 12,100, nayo imeshaipita 12,071. Namba ikivunjika huvunjika kwa vipande viwili, na vipande vyote viwili haviwezi kuzidi 110. Kimoja lazima kiwe kidogo, na hicho kidogo ndicho tungekikuta njiani. Namba tasa hadi 109 ziko 29. Familia ya watu sita igawane: watano wachukue tano tano, wa mwisho achukue nne. Mtakuta 17 inaacha baki 1, na 71 nayo inaacha baki 1. Zimekaribia kabisa, lakini kukaribia si kufika. Zote 29 zinaacha baki. Basi 12,071 ni namba tasa, na namba yetu nzima ni hii:

603,550 = 2 × 5 × 5 × 12,071

Kutokana na hapo tunapata vigawo vyake vyote: 1, 2, 5, 10, 25, 50, 12,071, 24,142, 60,355, 120,710, 301,775 na 603,550 yenyewe. Vihesabuni. Ni 12.

Hapa ndugu zangu tuwe na kiasi. Mtu anaweza kusimama na kusema, "Tazameni! Kabila 12, vigawo 12, hii ni siri!" Lakini 60 nayo ina vigawo 12. Vilevile 72, 84, 90 na 96. Namba zenye vigawo 12 ni nyingi, hazina habari na Israeli. Tusijenge mahubiri juu ya hilo. Wapo watu wanaopita wakiwauzia waliochoka siri za namba, tarehe za mwisho wa dunia, tarehe za kurudi nyumbani. Mwenye kujua kugawanya hadanganyiki upesi.

NUSU SHEKELI YA KILA MTU

Sasa tuipime namba yetu kwa njia nyingine. Katika Kutoka 30 kila aliyehesabiwa alitoa nusu shekeli ya fedha, iliyoitwa beka. Tajiri hakuruhusiwa kuzidisha, maskini hakuruhusiwa kupunguza. Katika Kutoka 38 tunapewa taarifa ya mapato hayo. Waliotoa walikuwa 603,550. Fedha iliyopatikana ilikuwa talanta 100 na shekeli 1,775.

Tukague kama wakaguzi. Watu 603,550, kila mmoja nusu shekeli, ni shekeli 301,775. Tuondoe zile 1,775, zinabaki 300,000. Hizo ndizo talanta 100. Basi talanta moja ni shekeli 3,000. Ni kwa mistari hii wasomi wanajua kipimo cha talanta katika Israeli.

Fedha ilitumikaje? Talanta 100 zilisubiwa kuwa vitako 100, talanta moja kwa kitako kimoja. Kitako ni msingi mzito ambao mbao za maskani zilisimamishwa juu yake. Tukague tena katika Kutoka 26: mbao 20 za kusini, kila moja vitako viwili, ni 40. Mbao 20 za kaskazini, ni 40. Mbao 8 za nyuma, ni 16. Nguzo 4 za pazia, kila moja kitako kimoja, ni 4. Jumla 100. Hesabu ya sura ya 26 na ya sura ya 38 zinakubaliana.

Talanta moja ni shekeli 3,000, yaani nusu shekeli za watu 6,000. Vitako 100 mara watu 6,000 ni watu 600,000. Lakini watu walikuwa 603,550. Wamebaki 3,550.

Hapa tutulie kidogo. Kutoka 12:37 inaposimulia siku ya kuondoka Misri inasema walikuwa kama 600,000. Kwa simulizi inatosha. Sisi wenyewe tukisimulia kijiji chetu tunasema watu kama elfu mbili. Lakini mtunza fedha hawezi kusema "kama". Nusu shekeli za wale 3,550 ni shekeli 1,775. Hazikutosha hata talanta moja, haziwezi kuwa kitako. Je, zilitupwa? Zilibaki mkononi mwa makarani? Kutoka 38:28 inajibu: zilitengeneza kulabu za nguzo, zikafunika vichwa vya nguzo na kuvifunga. Bila vitako mbao hazisimami, na bila kulabu mapazia hayatundikwi. Baki nalo lilipata kazi yake.

BAKI LA 273

Jambo hilo halikutokea mara moja tu. Kabila la Lawi halikuhesabiwa katika 603,550. Lilihesabiwa peke yake, kila mwanamume kuanzia mwezi mmoja, likapatikana 22,000. Walawi waliwekwa mahali pa wazaliwa wa kwanza wa Israeli, mtu kwa mtu. Wazaliwa wa kwanza walipohesabiwa walikuwa 22,273. Toeni: wamezidi 273.

Mtu wa haraka angesema 273 katika 22,273 ni kidogo, tuseme zimelingana. Hesabu 3:46-50 haisemi hivyo. Kila mmoja wa wale 273 alikombolewa kwa shekeli 5. Zidisheni: 273 mara 5 ni 1,365. Ndiyo fedha aliyopokea Musa, shekeli 1,365, si pungufu.

Mtoto mwerevu atajumlisha koo tatu za Lawi: Gershoni 7,500, Kohathi 8,600, Merari 6,200. Atapata 22,300, tena atauliza zile 300 zimetoka wapi. Msimnyamazishe, ameona kweli. Kiebrania huandikwa kwa herufi zisizo na irabu, na neno la tatu na neno la sita hutofautiana kwa herufi moja. Wafafanuzi wengi wanaona kwamba Kohathi alikuwa 8,300, na herufi moja ikaanguka katika kunakili. Jumlisheni kwa 8,300 mtapata 22,000 kamili. Walimu wa kale wa Kiyahudi walieleza kwamba wale 300 walikuwa wazaliwa wa kwanza wenyewe, hivyo hawakuweza kumkomboa mwingine. Hata kosa la mwandishi linajulikana kwa sababu jumla haidanganyi.

JUMLA INAFANANA, WATU SI WALEWALE

Miaka ilipita. Katika nchi tambarare za Moabu, karibu na Yordani, waliohesabiwa tena walikuwa 601,730. Toeni kutoka 603,550: tofauti ni 1,820 tu. Mtu akisoma jumla hizi mbili peke yake atasema hakuna kilichobadilika.

Afungue kabila kwa kabila. Simeoni alikuwa 59,300, sasa ni 22,200: wamepungua 37,100. Manase alikuwa 32,200, sasa ni 52,700: wameongezeka 20,500. Na mwisho wa sura ya 26 tunaambiwa kwamba kati ya waliohesabiwa Sinai walibaki wawili tu, Kalebu na Yoshua. Jumla karibu ni ileile, lakini watu ni wengine. Kizazi kizima kilizikwa njiani, watoto waliozaliwa mahemani wakasimama mahali pao.

Sisi tunalijua hilo. Idadi ya makazi yaweza kuandikwa karibu ileile mwaka hadi mwaka. Wengine wamerudi, wengine wamepelekwa mbali, wengine tumewazika, na watoto wamezaliwa. Karatasi ya jumla haionyeshi. Orodha ya majina inaonyesha.

NAMBA HII HAISEMI NINI

Tusiseme kwamba Waisraeli walikuwa 603,550. Hao ni wanaume wa miaka 20 na zaidi wa kabila 12. Mama hayumo. Mtoto wa miaka 19 hayumo. Mlawi hayumo. Hesabu yoyote ina swali lake, nayo hujibu swali hilo tu. Hii ilikuwa ya kwenda vitani. Kwa hiyo mtu akituletea namba yoyote, iwe ya mgao, ya shule au ya wagonjwa, tuulize kwanza: walihesabiwa nani, na nani wameachwa nje?

Kila anayegawa unga au maharagwe anajua kwamba ugumu hauko katika kugawanya. Uko katika baki. Wakati familia 60 zimepata sawasawa na moja imefika imechelewa na mtoto mgongoni, hapo ndipo mgawaji anapopimwa. Namba 603,550 inatufundisha tusiwe wepesi wa kuikata mwisho wake.

KAZI YA NYUMBANI

1. Leteni karatasi ya usajili ya familia. Hesabuni majina, kisha tazameni namba iliyoandikwa. Kama mtoto aliyezaliwa hajaandikwa, mpange siku ya kwenda kumwandikisha, msingoje.

2. Karatasi ile ina nafasi ya walio hapa tu. Katika daftari jingine andikeni majina kamili ya wa kwenu waliofariki, waliobaki nyumbani na ambao hamjui waliko. Mtoto aandike, mzee ataje.

3. Gawanyeni 601,730 kwa 12. Je, inagawanyika? Baki ni ngapi?

4. Kama waliohesabiwa Moabu nao wangetoa nusu shekeli kila mmoja, zingepatikana talanta ngapi na shekeli ngapi?

5. Mama mmoja anasema: "Kama 603,550 ingekuwa na mtu mmoja zaidi, ingegawanyika kwa 3." Mnamkubalia? Jumlisheni tarakimu kabla ya kujibu.

Majibu: (3) Haigawanyiki, ni 50,144 na baki 2. (4) Shekeli 300,865, yaani talanta 100 na shekeli 865. (5) Hapana, tarakimu za 603,551 zinajumlika 20. Wangehitajika watu wawili zaidi, maana tarakimu za 603,552 zinajumlika 21.

Amani ya Bwana iwe nyumbani mwenu.